Redio, Sana

Kundi letu la simu lina watu thelathini na mmoja, na kila asubuhi, saa kumi na mbili na nusu, thelathini tunaamshwa na mmoja. "Hamjambo, darasa." Basi. Hakuna picha ya ua, hakuna jua linalochomoza, hakuna sala ya kusambaza kwa watu kumi. Nimeusoma ujumbe huo kwenye foleni za mipakani, kwenye vyumba vya wageni vyenye taulo zinazonuka ukungu, na mara moja nikiwa nimekalia sanduku langu katika stesheni ambako hapakuwa na mtu aliyejua hata lugha moja kati ya zile ninazozibabaisha. Kila mara nimejibu "Hatujambo" kabla ya kupiga mswaki. Nina miaka arobaini na minane, na bado namwogopa monita.

Monita ndilo jina lake mpaka leo, ingawa ni mama wa watoto watatu na hospitalini anakofanya kazi wanamwita Mama Mashuka. Miaka miwili ya mwisho ya shule alikuwa mkuu wa darasa letu. Mwalimu akitoka, yeye alibaki mbele na daftari. Ukifungua mdomo, unaandikwa. Ukirudia, mbele ya jina lako inaongezwa "sana". Ukizidi, "mno". Mwalimu akirudi alisomewa orodha, na viboko vilifuata maneno hayo. Nimejaribu kuwaeleza watu wa lugha nyingine kwamba kwetu kielezi kilikuwa kinauma; wanadhani nimekosea sarufi.

Siku hizi anatuendesha vilevile. Habari zetu ni za umri wetu. Mmoja ameambiwa apunguze chumvi. Mwingine amepata miwani ya pili, ya kutafutia ile ya kwanza. Mkwe wa muuza vioo amejifungua pacha. Goti la mshonaji limeanza kujua mvua itanyesha lini. Monita anazipokea zote na kuzipanga. Ugonjwa usimuliwe mara moja tu. Picha iwe ya mgonjwa, si ya kidonda. Pongezi zisizidi siku mbili. Na kila Ijumaa jioni anatoa orodha: "Wapiga kelele wa wiki." Wengi tunacheka. Yeye hacheki.

Wa kwanza kwenye orodha, kila Ijumaa, ni Redio.

Redio ni mwalimu wa udereva. Kutwa yuko kwenye kiti cha abiria, mguu juu ya breki ya pili, akimwambia mtoto wa mtu aachie klachi taratibu, taratibu, nimesema taratibu. Sauti yake ni ileile iliyompa jina. Ila kwenye kundi hasemi sana, anachoma tu. Monita alipotangaza kwamba kifungua mimba wake amepata kazi, Redio aliandika: "Hongera. Mwambie asiandike majina ya watu." Monita alipotoa habari ya shinikizo lake la damu, Redio aliandika: "Pole. Hakikisha waliopima walikuona." Mgeni angeona utani. Sisi tulijua anazungumzia Alhamisi moja ya miaka thelathini iliyopita.

Alhamisi hiyo mchana kioo cha mizani ya maabara kilivunjwa. Redio alikuwa mmoja wa walioshukiwa. Akajitetea kwamba siku hiyo hakufika shule kabisa, alimpeleka mama yake hospitali tangu alfajiri. Mwalimu wetu wa darasa alikuwa likizo ya ugonjwa na rejista ya mahudhurio ilikuwa imefungiwa kwenye droo yake, kwa hiyo mwalimu mkuu akamwita Monita amsomee orodha ya wapiga kelele. Juu kabisa pameandikwa: Redio, sana. Monita akaulizwa kama ana uhakika. Akajibu maneno ambayo tungeyasikia kwake maisha yetu yote.

"Nikiandika, nimeona."

Kioo kikasahaulika baada ya wiki. Uongo haukusahaulika. Kwenye barua ya tabia ambayo Redio alihitaji ili aingie chuo cha ufundi wa mitambo, mwalimu mkuu aliandika kwamba kijana huyu si mkweli. Chuo hakikumchukua. Mama yake, aliyekuwa na bendeji hospitalini siku hiyohiyo, hakuwa mtu wa kwenda kubishana ofisini. Na sisi tuliokaa naye, tulioona kwamba dawati lake lilikuwa tupu? Tulikaa kimya. Kukaa kimya ndiyo ilikuwa njia ya kutoandikwa.

Tangu hapo Redio ametaka kitu kimoja tu kwa Monita: aseme mbele ya darasa zima kwamba hakumwona. Na Monita, ambaye hakuna asichoweza kukupa ukimwomba, hajawahi kumpa hicho.

Ni mtu mgumu, na ugumu wake nimeuona kazini kwake. Chumba cha kufulia cha hospitali kiko nyuma, karibu na bomba la moshi. Mashine nne kubwa kama mapipa ya mafuta, sakafu yenye unyevu wa kudumu, mvuke unaokufanya uvue miwani kabla hujamsalimia mtu. Mashuka yanaingia yakiwa na kila kitu ambacho mwili wa binadamu unaweza kutoa, na yanatoka meupe, yamekunjwa, yamefungwa mafurushi kwa kila wodi. Ukutani kuna jedwali la wodi kumi na moja. Siku niliyomtembelea niliona jambo moja ambalo sikulitilia maanani: saa moja asubuhi, kabla hata mashine ya kwanza haijasimama, Monita alitembea na kalamu akatia alama ya vema kwenye wodi zote kumi na moja. Nilimuuliza. Akasema anaokoa muda, kwani kuna siku ambayo mashuka hayajafika?

Mwaka huu tulitimiza miaka thelathini tangu tumalize shule, na Monita akapanga mkutano. Ili kutuchangamsha, akatoa sandukuni daftari lake la zamani, akawa anapiga picha kurasa mbili mbili na kuzituma kila siku. Tulivunjika mbavu. Mchungaji wetu wa leo alikuwa "mno" siku nne mfululizo. Mwenye duka la dawa aliandikwa kwa kuimba.

Siku ya kumi na tisa akatuma kurasa za Alhamisi ile.

Nadhani hakuangalia tarehe. Alikuwa na haraka, anatuma akiwa kazini. Ukurasa wa kulia ulikuwa orodha ya wapiga kelele, na juu kabisa, kwa wino wa buluu, Redio, sana. Majina mengine sita chini yake yalikuwa kwa penseli. Ukurasa wa kushoto ulikuwa wa kumbukumbu alizokuwa akimwekea mwalimu mgonjwa, za kuhamishia kwenye rejista atakaporudi. Kwa penseli ileile, mwandiko uleule: Wasiokuwepo. Yakafuata majina mawili. La pili lilikuwa Redio.

Kisha Redio akaandika.

"Ndugu zangu, mnaona kushoto na kulia, au macho yangu ni ya uzee?"

Picha ikafutwa. Redio akaituma tena, alikuwa ameshaihifadhi. Ikafutwa. Akaituma mara ya tatu, safari hii akiwa ameizungushia duara jekundu kama kosa la hesabu. Monita akaandika kwamba daftari ni la mtoto wa shule, mtoto hukosea, na mtu mzima anayebeba kinyongo miaka thelathini akapimwe akili. Redio akamjibu kwamba yeye alishapimwa, na cheti kiliandikwa na mwalimu mkuu. Mshonaji akajaribu kuwatuliza, wote wawili wakamgeukia. Saa nane na dakika tano mchana simu ikatuarifu kwamba msimamizi amemwondoa Redio kwenye kundi.

Hakuna aliyesema kitu. Nami nikiwemo. Nilikuwa nchi ya tatu kutoka hapo, hakuna fimbo ya kunifikia, na bado nilisubiri mwingine aanze.

Kilichofuata alinisimulia mwenyewe Monita, baadaye, akiwa amekasirika kana kwamba mimi ndiye niliyekifanya. Siku nne kabla ya mkutano, mashine ya tatu iliharibika asubuhi. Saa tano muuguzi wa wodi ya sita akapiga simu: wagonjwa wamelala kwenye magodoro matupu, mashuka yako wapi? Monita akamwambia yameshapelekwa. Muuguzi akasema hayajaja. Monita akasema yamekuja, hapa pana alama. Wakavutana hivyo mpaka msichana anayesukuma toroli akaona amsaidie.

"Mama, hayajatoka kwenye mashine. Wewe umeandika tu."

Hakusema kwa ubaya, alisema kama mtu anayekukumbusha umeacha mlango wazi. Monita alimwambia akae na toroli lake. Kisha akasimama mbele ya jedwali, akazisoma zile alama zote kumi na moja, na anasema alisikia joto la mashine limempanda mpaka masikioni.

Mkutano ulikuwa Jumamosi, saa nne asubuhi, kwenye ukumbi wa kukodi juu ya duka la mabati. Viti vya plastiki, feni mbili, moja inazunguka. Tulikuwa ishirini na wawili. Tulikuwa tumeshaanza kuelezana habari za watoto na za figo pale Redio alipoingia bila kualikwa. Chini dirishani tuliona gari lake la kazi, kibao cha MWANAFUNZI bado kiko juu ya paa.

"Jamani, msihame viti," alisema. "Nimekuja kusomewa ukurasa mmoja, kisha naondoka."

Monita alikuwa mbele, daftari mezani. Ungedhani yule mwalimu mgonjwa ametoka tu na atarudi sasa hivi. Alimwambia Redio kwamba ukumbi una utaratibu, kwamba habari za mtu mmoja hazitakula muda wa wote. Redio akavuta kiti, akakaa katikati ya njia. Muuza vioo akaguna kwamba yaishe, watu wamesafiri. Redio akamwambia yeye hajasafiri, amekuja kwa gia ya pili.

Monita akafungua daftari. Hakuwa na haja ya kutafuta, palishawekwa kipande cha karatasi. Alisoma kwa sauti ya kusomea orodha.

"Wasiokuwepo, wawili." Akataja la kwanza. "Redio." Akahamia ukurasa wa pili. "Wapiga kelele. Redio, sana."

Mtu alicheka nyuma, akajikohoza.

"Sasa sema," Redio alisema.

"Sikukuona. Haya. Hukuwepo, sikukuona, na mwalimu mkuu aliponiuliza nilisema nimekuona." Alifunga daftari. Angeweza kuishia hapo, na huenda tungekwenda kula. Lakini Monita akianza kunyoosha kitu hunyoosha mpaka kwenye pindo. "Jina lako nilikuwa naliandika nyumbani, kabla sijafika shule. Kwa wino. Kuokoa muda. Nilijua utapiga kelele tu."

"Siku ile."

"Kila siku."

Feni moja ilizunguka. Redio alipozungumza, sauti yake ilikuwa ndogo, na ndiyo iliyonitisha kuliko makelele yake yote.

"Kidato cha tatu," alisema, "kuna wiki nzima sikufungua mdomo. Mama aliniomba. Nilikaa kwenye mikono yangu, hivi. Jumatatu mpaka Ijumaa. Nikachapwa siku zote tano. Nikajua labda napiga kelele bila kujisikia. Nilimuuliza huyu hapa." Alininyooshea kidole bila kunitazama. "Akaniambia sijui."

Ni kweli. Nilimwambia sijui.

"Nilikuwa na miaka kumi na saba," alisema Monita.

"Na mimi nilikuwa na mingapi?"

Monita alimsogezea daftari juu ya meza, kama anayerudisha kitu cha watu. Redio alilitazama, hakuligusa. Akamwambia alibaki nalo miaka thelathini, abaki nalo na mingine. Yeye hana shubaka la kuwekea takataka. Kisha akashuka ngazi. Tulisikia gari likiwaka, likizimika, likiwaka tena. Mtu mmoja alisema mwalimu mzima anazimisha gari.

Jumatatu, saa kumi na mbili na nusu, simu ilituarifu kwamba msimamizi amemwongeza Redio. "Hamjambo, darasa." Tulijibu wote, isipokuwa yeye. Wiki ikaenda. Mchungaji aling'oa jino. Pacha wa mkwe wa muuza vioo walipata majina. Monita alitoa habari kwamba jedwali la kazini kwake sasa anatia alama mashuka yakishafika, na kwamba anachelewa kurudi nyumbani nusu saa nzima, tusimlaumu kwa kukawia kujibu. Redio aliisoma kila habari, alama zilionyesha kwamba amesoma, na hakuandika herufi.

Ijumaa jioni nilikuwa uwanja wa ndege, viatu mkononi, orodha ilipoingia. Wapiga kelele wa wiki: mshonaji, mwenye duka la dawa, mchungaji, sana. Nilisoma mara mbili. Redio hakuwepo.

Dakika moja baadaye akaandika, kwa mara ya kwanza wiki ile.

"Sawa. Nilikuwa nataka kuona."

Kisha akatoka kwenye kundi. Safari hii hakuna aliyemtoa.