Zamu ya Wanawake Kuchagua

Lucijan Brubnjak hakujua kucheza dansi, na katika mji mzima wa pwani wa Crikvenica aliyeijua siri hiyo ni mkewe Nevija peke yake. Mtu aliyewachezesha wenzake hadi wakakumbatiana, wakaoana, wakajaza watoto mji, yeye mwenyewe miguu yake ilikuwa mizito kama ya meza! Nevija alikanyagwa mara moja tu, mwaka sabini na nne, kwenye dansi ya wazima moto. Walicheza nusu wimbo, mwimbaji wa bendi akakaukiwa na sauti, Lucijan akaitwa amshikie nafasi. Akamwambia, "Nisubiri hapo hapo, namalizia wimbo huu narudi."

Jamani, alisubiri miaka thelathini na miwili.

Lakini tusimwonee, sauti alikuwa nayo. Aliimba ile roki ya taratibu, gitaa la umeme linabembeleza badala ya kupiga kelele, na mwaka sabini na tisa akapanda jukwaa la tamasha la muziki la mji wa Split na suti nyeupe, nywele zikimgusa mabega, akaimba "Usiondoke na Mvua Hii". Redio zikaupiga wimbo ule asubuhi, mchana na jioni, na tarishi akaanza kulalamika kuhusu mzigo wa barua. Kichwa kilimvimba, ndiyo, tusifichane. Alivaa miwani ya jua hata akiosha vyombo, na Nevija alimwacha avunje sahani tatu kabla ya kumwambia chochote.

Nevija naye alikuwa na kazi yake, nayo ni upepo. Pwani ile kila mtu anajua kwamba koo haliuawi na sigara wala pombe kali, linauawa na upepo unaopita kati ya milango miwili iliyo wazi. Kwa hiyo kila dansi alikaa meza ya pembeni, karibu na nguzo, chupa ya chai ya mitishamba mbele yake na skafu ya sufu mapajani. Wimbo ukiisha tu, anainuka, anamfunga mumewe skafu shingoni.

"Usiondoke na Mvua Hii" ulikuwa daima wimbo wa zamu ya wanawake kuchagua. Wanawake walitawanyika ukumbini, kila mmoja akamshika mkono aliyemtaka, na Nevija akabaki ameketi. Watu wakasema anaringa, mke wa staa. Anaringa nini, maskini? Mwanamume aliyemtaka alikuwa ameshika kipaza sauti.

Kisha mambo yakageuka. Vita vya miaka ya tisini vikawafukuza watalii, vijana wakataka muziki wa kudunda, redio zikamsahau. Kumbi kubwa zikawa ndogo, mwisho akaangukia kwenye baraza ya vioo ya Hoteli Lavanda, dansi ya wastaafu ya saa kumi na moja jioni, na bendi nzima ni mzee Berto na kinanda chake. Miwani ya jua ikapotelea kabatini. Nevija, kusema kweli, alimpenda zaidi hivyo, maana alirudi nyumbani mapema na kumsaidia kumenya viazi.

Mwaka elfu mbili na sita ile noti ya juu ya ubeti wa tatu ikaanza kumtoroka. Akalaumu upepo, akafunga madirisha yote ya baraza mwezi wa Julai, wazee wa watu wakaiva kwa jasho. Daktari akamwambia koo limechakaa, halina dawa. Septemba meneja wa hoteli, binti mwenye adabu zake, akamwarifu kwamba Jumapili ndiyo ya mwisho kwake.

Jumapili yenyewe Lucijan akagoma kutoka nyumbani. "Niende nikawe kichekesho? Watanionea huruma, na mimi huruma siitaki."

"Basi baki," Nevija alimjibu huku akikunja skafu. "Wakiuliza nitasema umechukuliwa na upepo."

Akaenda, ananung'unika njia nzima. Aliimba nyimbo tatu za sauti ya chini bila tatizo. Wa nne ulikuwa ule wenyewe wa mvua, na Berto akatangaza zamu ya wanawake kama kawaida. Mstari wa pili sauti ikakatika. Akajaribu tena, kikatoka kikohozi. Berto alikuwa ameliona hilo likija tangu Julai. Akabonyeza kaseti ya wimbo ule ule aliyoiweka tayari, na Lucijan wa mwaka sabini na tisa akaanza kuimba, akaijaza baraza nzima.

Lucijan wa sasa aliweka kipaza sauti chini. Uso ulimwiva kwa aibu, akawa anautafuta mlango kwa macho.

Nevija akaona mikono ya mumewe ni mitupu. Akainuka, akavuka ukumbi mbele za watu wote. Mumewe, kwa mazoea tu, akamwinamishia shingo.

"Skafu iko wapi?"

"Iko kitini. Nimekuja kukuchagua."

"Nevija, nitakukanyaga."

"Nikanyage. Ulisema unamalizia wimbo unarudi."

Alimkanyaga kwenye mzunguko wa kwanza, na wa pili pia. Mtu akafungua milango yote miwili, upepo ukapita shingoni pa Lucijan, wala hakushtuka. Noti ya juu ilipofika, safi kabisa, wazee wakaipigia makofi. Lucijan hakuisikia. Alikuwa anahesabu hatua sikioni mwa mkewe, moja, mbili, tatu.