Sarafu Zilizooshwa kwa Sabuni

Mama aliteguka kifundo cha mguu wakati wa mvua, akitoka kwenye shamba letu la kahawa kule Kyondo. Muuguzi alimkataza kuutumia mguu huo kwa wiki tatu. Mimi nilikuwa na kibanda cha kutuma na kupokea pesa kwa simu mjini Kasese. Nilikifunga, nikarudi nyumbani Bwera ili nimuuzie nyanya zake sokoni Mpondwe, mpakani na Kongo, maana wateja wakimkosa muuzaji wao siku mbili tatu za soko, wanamhama.

Asubuhi ya kwanza alinipa mfuko wa kitenge uliojaa sarafu.

"Hii ni chenji. Usitoke bila hii."

Nilimjibu kwamba siku hizi watu wanalipana kwa simu, na kwamba mfuko ule ungenichania suruali bure. Nikauacha kitandani, nikanunua pakiti ya pipi. Mtu aliyenidai chenji ya mia nilimpa pipi moja, kama wafanyavyo wenye maduka wengi.

Siku ya soko iliyofuata alikuja mama mzee anayevuka kutoka upande wa Kongo. Alichagua fungu la nyanya la mia nane, akafungua kitambaa alichokifunga kiunoni, akaniwekea pipi nane mezani.

"Hizi ni za nini, mama?"

"Ni makuta, ni pesa," alisema bila kucheka. "Mbili ulinipatia weye. Zingine ni za mwenye chumvi na mwenye sabuni. Kama iko makuta ya kunirudishia, basi iko makuta ya kununua."

Wanawake wa meza za jirani waligeuka wasikie nitasema nini. Nilizipokea pipi, nikamfungia nyanya zake, nikamwongezea mbili.

"Ile mia mbili ndiyo inanisaidiaka kununua chumvi," aliniambia kwa upole. "Mama yako anajua. Hajanipatia bonbon hata siku moja."

Jioni nilimsimulia mama. Alicheka mpaka akaushika mguu kwa maumivu, kisha akaomba pipi moja, akala. Akaniambia nichukue mfuko, na sarafu zikiisha niende kwa mzee anayelinda choo cha soko.

Mzee huyo alikuwa askari mstaafu. Aliletwa na jeshi kutoka kaskazini zamani, akazoea huku, akabaki. Kila aingiaye chooni humpa mia mbili, kwa hiyo sarafu hazimwishii. Mfuko ulipoisha nilimwendea.

"Wewe ni mtoto ya mama nyanya?" aliniuliza. "Kwa nini soko mbili hujakuja kuchukua chenji? Simama hapo."

Alitoka na beseni dogo lenye maji ya sabuni, sarafu zimezama chini. Alizisugua moja moja, akazisuuza, akazipangusa kwa taulo safi. Nilimwambia asijisumbue.

"Hii imetoka choo," alisema. "Mama yako anauza chakula. Hesabu. Leta noti."

Nilihesabu, nikamlipa. Aliniuliza mguu unaendeleaje, nikamwambia. Baada ya muda akauliza tena. Nilipogeuka kuondoka akanipa noti yake mwenyewe ya elfu tano.

"Nunua yeye maziwa. Sema ni ya afande."

Mama aliyapokea maziwa, akayamimina kikombeni. Kisha akauliza, "Alizisuuza mara mbili?"

"Sikuangalia."

"Huwa mara mbili. Nililalamika siku moja tu kwamba zinanuka, miaka mingi iliyopita. Hajawahi kuacha."

Alisema hivyo akitazama kikombe. Tangu siku hiyo sijamrudishia mteja pipi, na Kasese nina kopo la sarafu karibu na simu zangu za kazi, kwa ajili ya wanaohitaji mia yao iwe mia.

Wiki tatu zilipoisha, mama alirudi sokoni akitembea kwa fimbo. Hakuja mezani kwanza. Nilimwona mbele ya choo akikaripiwa na afande kwa kutembea mapema, naye akijibu kwa ukali uleule. Afande akampa kiti chake, akasimama kando yake, na mimi nikaendelea kuuza nyanya mpaka saa sita mchana, mama alipokuja mezani.