Mifupa Iliyocheza

Harufu ya petroli ya jenereta mpaka leo inanipandisha hasira. Nikiisikia, narudi sebuleni kwa jirani yetu wa Area D, wa kwanza mtaani kununua deki ya video.

Siku hiyo umeme ulikuwa wa mgao, jenereta likinguruma uani, na sisi watoto tumejazana mkekani kutazama katuni ya zamani isiyo na rangi. Mifupa ya watu ilitoka makaburini ikacheza ngoma na kurushiana mafuvu kama mpira. Tulicheka mpaka machozi. Kisha rafiki yangu, binti wa jirani, akaninong'oneza kwa upole, "Labda na mama yako anacheza hivyo."

Nikamwambia mama yuko Kondoa, anauguzwa na bibi. Ndivyo alivyoniambia shangazi.

Akashangaa. "Si alizikwa wiki iliyopita? Baba alisaidia kubeba jeneza."

Nilikimbia nyumbani. Shangazi alikuwa uani anapepeta mchele.

"Shangazi, mama amekufa?"

Ungo ukasimama mikononi mwake. "Nani kakwambia?"

"Amekufa?"

"Tulikuwa tunasubiri ukue kidogo, mwanangu."

Niliupiga teke ule ungo, mchele ukatapakaa mchangani. Mtaa mzima ulikuwa umemsindikiza mama yangu kaburini, na mimi siku hiyo nilipelekwa sokoni kununuliwa viatu.

Shangazi hakunipiga. Alichuchumaa akaanza kuokota punje huku analia. Nilivua vile viatu, nikaenda kuvitumbukiza chooni, kimoja kimoja.