Fundi Aliyejifungia Kwenye Buti

Fundi wetu wa umeme wa magari hana haraka hata kidogo. Mimi nilikuwa na haraka ya watu wawili, maana mimba ya binti yangu ilishafika mwezi wa tisa na gari letu kuukuu lilikuwa haliwaki asubuhi. Alichomoa fyuzi mojamoja, akazipanga ndani ya kofia yake kama mayai, na kila mara akatazama kipimo cha umeme alichokiunga kwenye betri na kuguna. Vidole vyake ni vinene, lakini hugusa waya kama anayepapasa paji la mtoto mwenye homa. "Betri haina kosa, mama. Kuna kitu kinainyonya umeme gari likilala." Alipochomoa fyuzi ya taa za ndani, kipimo kikashuka. Basi akavua viatu, akajikunja ndani ya buti la mizigo nyuma ya gari pamoja na tumbo lake lote.

"Nifungie."

"Utakosa hewa, baba!"

"Funga tu. Nikikwama humu, utakuwa na fundi popote uendako."

Nikafunga. Mara sauti ikatoka ndani kwa furaha: "Inawaka! Taa ya buti haizimiki!"

Alibadilisha swichi ya taa hiyo. Tangu siku hiyo, kila asubuhi akipita kwenda kazini husimama getini, ametega sikio. Gari likiwaka, huguna na kwenda zake. Juzi alfajiri, uchungu ulipomshika binti yangu, liliwaka mara moja. Leo fundi amesimama palepale. Sikuwasha gari. Nilifungua dirisha la chumbani, akasikia mjukuu wangu akilia.

Akaguna, akaenda zake.