Kitanda Namba Nne cha Kokushubila

"Kokushubila, ni kweli ulikula kuku mbele ya wanaume?"

Jirani yake, Klaudia, alimuuliza hivyo mlangoni pa kanisa, hata maji ya baraka hayajakauka usoni. Kokushubila akamjibu, "Nilimla. Paja na shingo. Mbona huniulizi nililala wapi?"

Nilikuwa naye katika safari ile ya meli, basi naieleza kama ilivyokuwa.

Mwaka 1973 shamba la kahawa la ujamaa la wanawake wa Ijumbi lilishinda mashindano ya mkoa kwa palizi na matandazo. Kokushubila ndiye alikuwa kiongozi wetu, mjane mwenye mikono migumu, ambaye hakuwahi kupumzika ila siku za uzazi. Shamba lile ndilo lililomtegemeza tangu mumewe afe. Zawadi ikawa mapumziko ya siku nne melini, yeye na mimi msaidizi wake: Bukoba, Mwanza, Musoma na kurudi. Afisa aliyeleta habari alitangaza mbele ya kijiji kizima, "Mtalala kitandani, mtaletewa chakula mezani. Msibebe kitu."

Tikiti yake iliandikwa kitanda namba nne. Alikuwa ndiyo kwanza amejua kusoma na kuandika kwenye kisomo cha watu wazima, akawa anaisoma ile tikiti mara nyingi kuliko litania, Mungu amsamehe.

Kwetu mwanamke hasafiri bila entanda, chakula cha njiani kilichofungwa kwenye majani ya mgomba. Lakini sisi tuliamini. Tukaenda na rozari, nguo za Jumapili na mikono mitupu.

Melini tukakuta namba nne ina mtu. Mke wa yule yule afisa alikuwa amejilaza, viatu kavivua.

"Nafasi zimebana, mama," afisa, aliyesimama kando, akasema. "Ninyi watu wa kijijini mmezoea kulala chini."

"Chini nimezoea kwangu," Kokushubila akamjibu. "Hapa nilialikwa kitandani."

Tukaketi sitaha ya chini, katikati ya mikungu ya ndizi iliyokuwa ikienda Mwanza. Abiria wenzetu walifungua majani yao wakala. Mimi nikamnong'oneza kwamba tuvumilie, ni mapenzi ya Mungu.

"Mungu hakuandika tikiti hii, Ephrasia," akasema.

Mhudumu mmoja wa makamo, Hamidi wa Bukoba mjini, akatuonea huruma, akatuletea mkate na sahani. "Samahanini, mama zangu. Jikoni kumebaki kuku tu."

Wanaume wakacheka. Kwa rika letu huku Uhayani, mwanamke humpika kuku, hamli.

"Lete huku, bwana," mmoja akasema. "Hao hawali."

Kokushubila akaivuta sahani. "Kitanda mmechukua, na kuku pia?"

Akala polepole, mpaka mifupa. Mimi nilikula mkate.

Mwanza hatukushuka, tuliambiwa tulinde mizigo ya afisa na wenzake. Musoma mvua ilitunyeshea. Tukarudi nyumbani na mafua, tukakuta habari ya kuku imetutangulia.

Ndipo Mwenyekiti wa kijiji, Ta Rugaibula, akaja kwake, akaanza kwa heshima. "Waitu, Ma Kokushubila, Jumamosi afisa anakuja mkutanoni. Sema safari ilikuwa nzuri, nami nitawanyamazisha hawa wa kuku. Ukikataa, uongozi wa shamba nitampa mwingine."

Nilimsihi akubali. Alinipa kahawa ya kutafuna.

Jumamosi akasimama mbele ya watu wote, afisa ameketi mbele kabisa.

"Kuku nilimla," akaanza. "Alikuwa mtamu, ila chumvi ilipungua." Wanawake tukaangua kicheko, hata Klaudia. "Lakini safari haikuwa nzuri. Nililala chini kama mzigo. Siwezi kutoka hapa nikapokee komunyo na uongo mdomoni."

Ta Rugaibula akanyanyuka kwa hasira. "Haya, kina mama! Nani ataongoza shamba badala yake?"

Tulikuwa thelathini na wawili. Hakuna aliyenyoosha mkono. Akauliza tena. Klaudia akageuza uso, akaanza kumfunga mtoto wake mgongoni.

Afisa akajipangusa paji la uso. "Sasa wewe mama, unataka nini?"

Kokushubila akasema, "Naomba karatasi na kalamu, niwaandikie wakubwa wako mkoani kwamba kitanda namba nne sikukilalia."