Mzee Léonce na Namna Yake ya Kugawanya

Mzee Léonce anafundisha hesabu kidato cha tatu katika shule moja ya Gikondo, chumba cha pili kutoka changu, na kama kuna mtu mbishi Kigali hii nzima basi ni yeye. Kiingereza cha kufundishia alikipata ukubwani. Kinyarwanda changu, mimi niliyekulia Kigoma, kinachekesha watu. Kwa hiyo tunakutana kwenye Kiswahili, alichojifunza utotoni kwa majirani wa Biryogo, na kwa Kiswahili hicho tumegombana sana, hasa kwa ajili ya kugawanya.

Yeye hugawanya kama watu waliosoma kwa Kifaransa: namba inayogawanywa kushoto, inayogawa kulia, mstari wa wima katikati, jibu chini ya ile ya kulia. Sisi wengine tunaandika jibu juu. Nilimwambia abadilishe, akasema jibu halijali limekaa wapi. Nikamwacha. Samaki mkunje angali mbichi, na huyu alikwisha kauka.

Mwaka huu shule kadhaa zilifanya mtihani wa majaribio pamoja, tukasahihisha kwa kubadilishana karatasi katika ukumbi mmoja wa Kanombe, ndege zikitukatiza maneno. Karatasi zetu zilimwangukia mwalimu mmoja kijana. Ziliporudi, nikaona Umulisa, binti anayewashinda wote kwa aljebra, amenyimwa alama za hatua kila alipogawanya. Majibu yalikuwa sahihi. Pembeni kijana ameandika kwamba mwanafunzi hakuonyesha njia. Kumbe njia ilikuwepo, ile ya mzee, ila yeye aliidhani ni mahesabu ya kubahatisha tu.

Nilimfuata, nikamweleza, akarekebisha. Lakini mtihani wa taifa, ambao hapa Rwanda hufanywa kidato cha tatu, ulikuwa unakaribia, na huko msahihishaji humfuati. Umulisa anataka mchepuo wa sayansi, na alama hizo zingeweza kumfungia mlango. Nilirudi Gikondo nimefura. Nikamkuta mzee peke yake darasani, nikamwekea karatasi mezani na kumwambia kuwa ukaidi wake utamponza mtoto wa watu.

Aliitazama karatasi ile bila kuigusa. Sikutegemea kuona macho yake yakilowa.

"Madamu Peace," alisema, "hii kugawanya, mwarimu Gasana ndiye alinifundisha. Walimuua kwa jenoside. Sijui hata mahali mwili yake iko. Picha yake sina. Nilibaki na hii tu."

Hasira ilinitoka yote, nikamwonea huruma ya kweli. Miaka yote hiyo nilikuwa nikibishana na mtu kuhusu mstari, kumbe mwenzangu alikuwa analinda kaburi. Nikajaribu kumtuliza, nikasema huenda wasahihishaji wa taifa wataielewa, kwani wazee wamo hata kati yao. Akaniuliza, na wasipoielewa?

Kesho yake aliniomba nichukue kipindi chake. Akaketi dawati la nyuma kando ya Umulisa na daftari mbele yake, akagawanya kwa namna yetu. Akakosea. Akanyoosha mkono kama wenzake, akauliza, akaanza upya. Hakuna mwanafunzi aliyecheka, na darasa lile kwa kawaida hucheka hata chaki ikivunjika.

Nusu ya ubao ilikuwa bado na mfano alioufundisha jana yake. Nilipohitaji nafasi nikachukua kifutio, naye akainuka, akaja mbele, akanishika mkono.

"Acha, madamu. Nitafuta mimi mwenyewe."

Alifuta polepole, kuanzia upande wa jibu, mpaka ukabaki mstari wa wima peke yake. Hapo akasita kidogo. Kisha akaufuta nao, akapangusa vumbi mikononi, na kumwita Umulisa alete daftari lake aone kama ameshaanza kuandika jibu juu.