Nilimwambia Achague Seva ya Jirani

Kosa ni langu, na sitafuti wa kunisaidia kulibeba. Jina langu nalificha kwa sababu mwanamke niliyemkosea bado ananiita Mwalimu.

Ilikuwa miaka ile simu za mkononi zinaanza kuenea, na Kibiti ikapata intaneti kafe, chumba kimoja chenye dishi juu ya bati. Kompyuta nilijifunza mwenyewe kwa vitabu. Mwenye kafe alinipa kazi ya kuwaelekeza wageni kuweka programu huria, zile ambazo kila mtu anaruhusiwa kuzitumia na kuzigawa bure.

Katikati ya kuziweka, kompyuta huuliza: upakue kutoka seva, yaani kompyuta inayozihifadhi, ya nchi gani? Majina ya nchi hujipanga kwenye kioo, na mgeni huduwaa. Mimi nilibandika ramani ya dunia ukutani, nikafundisha kwa fimbo: chagua nchi iliyo karibu nasi. Basi.

Bi Mwanaisha alikuja kutoka Nyamisati na kompyuta kuukuu, kaifunga kwa kanga. Alikuwa mpiga chapa wa taipureta. Shule moja ya huko ilimwahidi kazi zake zote za kuchapa, ila zichapwe kwa kompyuta, na kompyuta iwe tayari shule ikifunguliwa Jumatatu. Alichagua seva ya karibu kama nilivyomfundisha. Ikasuasua, ikakatika. Akaanza upya. Kesho yake ikawa vilevile.

Mchana huo nami nilikuwa natengeneza kompyuta ya kafe, meza ya pili. Kwa kuchoka tu nikagusa nchi ya Ulaya. Programu ikashuka kama maji! Ndipo nikaelewa: dishi letu lilikuwa linaongea na Ulaya kwanza. Hata tukiomba kitu cha jirani, ombi lilikwenda Ulaya, kisha likarudi Afrika. Nami ni mtu wa delta. Najua kijiji unachokiona ng'ambo unaweza kukizungukia nusu siku, maji yakiwa yamekupwa na mtumbwi haupiti. Nilishindwaje kulifikiria hilo?

Nilipaswa kusema palepale. Lakini wanafunzi walikuwepo, na ramani yangu ilikuwa ukutani.

Bi Mwanaisha akageuka. "Mwalimu, yako imekwisha?"

"Yangu ilikuwa na nusu tayari," nikamdanganya.

"Basi hii yangu ndiyo mbovu."

Nikasema, "Labda."

Alasiri ile akaiuza kompyuta kwa fundi redio, kwa bei ya vyuma, akapanda gari la kurudi Nyamisati. Kazi ya shule akapewa mwingine.

Ramani niliibandua baadaye, nikisingizia mchwa. Waliokuja nyuma yake niliwafundisha vizuri. Yeye sikumfuata.

Mpaka leo akija Kibiti huniletea kamba wakavu. Huwaambia watu, "Huyu alinivumilia, mashine ndiyo iliyonikataa." Nami hushukuru. Mke wangu huwapika kwa nazi. Mimi husema tumbo halijakaa sawa.

Wewe unayemwelekeza mgeni, mwambie ajaribu seva moja, na ikisuasua abadilishe, hata kama nyingine iko mbali. Ukigundua umemwelekeza vibaya, mwambie kabla hajafunga mzigo wake. Usiseme utamwambia siku nyingine. Siku ile meza yake ilikuwa imegusana na yangu, na sentensi moja ingetosha. Leo huja akakaa sebuleni kwangu, akanywa chai, akaondoka, na sentensi hiyo bado sijaisema.